Mnada wa Hisani Unaoleta Kidogo: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Asasi inayoandaa hafla ya jioni yenye mnada wa kuchangisha fedha huyaona matatizo yake usiku ule ule wa hafla, wakati nafasi ya kuyarekebisha imekwisha kupita. Bei zinagota chini, ukumbi unapiga soga huku mpiga mnada akiishiwa na sauti, foleni ya malipo inafika mlangoni, na wiki inayofuata kamati inakutana ikiwa tayari na maelezo yake: hali ya uchumi ni ngumu, wageni walikuwa na mkono mzito, jukwaa halikuchangamka. Maelezo hayo yanaweza kuwa na chembe ya ukweli, lakini kwa kawaida hutolewa kabla ya mtu yeyote kufungua kumbukumbu za usiku wenyewe. Katika mwongozo huu tunaanza na kinachoonekana, tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo chake, kisha tunaeleza la kufanya kabla ya hafla inayofuata.

Jambo moja linapaswa kueleweka mapema kwa sababu litajitokeza karibu katika kila dalili. Katika mnada wa kupanda dau, bei ya mwisho haiamuliwi na mtu anayekitaka kitu zaidi ya wote, bali na yule anayemfuatia. Mwanauchumi William Vickrey alilifafanua hilo kwa hesabu katika makala yake ya mwaka 1961, na mwaka 1996 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa mchango wake katika eneo hilo pana la utafiti. Mshindi anaweza kuwa na uwezo na nia ya kulipa 1,000, lakini mshindani wake akiishia 600, mnada utafungwa juu kidogo ya 600, na zile karibu 400 zilizobaki zitarudi nyumbani mfukoni mwa mshindi. Kwa hiyo, bei inapokuwa ya chini, anayepaswa kutafutwa ni mtu wa pili. Huenda hakualikwa kabisa, au alikuwapo ila kitu hakikumvutia, au hakusikia kilichokuwa kikiendelea, au fedha zake zilikuwa zimekwisha kwingine, au alipotaka kuongeza dau alikuta meza imefungwa. Kila mojawapo ya sababu hizo ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Kwanza, kusanya ushahidi

Usibadilishe ukumbi, mpiga mnada wala tarehe kabla ya kuwa na vitu vitatu mezani: orodha ya wageni waliofika na meza walizoketi, ambayo mara nyingi hutofautiana na orodha ya walioalikwa, orodha ya vitu vyote vilivyonadiwa pamoja na thamani ya soko, bei ya kuanzia na bei ya mwisho ya kila kimoja, na karatasi za dau za mnada wa kimya, yaani ule ambao vitu hupangwa mezani na wageni huandika dau zao kwenye karatasi iliyo kando ya kila kitu. Asasi nyingi huzitupa karatasi hizo mara tu malipo yanapokamilika, na ni hasara kubwa, kwa sababu ndizo pekee zinazoonyesha walioshindwa. Kwa upande wa mnada wa jukwaani, ambao mpiga mnada hutaja bei na wageni huinua vibao vyenye namba zao, mweke mtu mmoja karibu na mpiga mnada ambaye kazi yake ni kuandika namba ya mshindi, namba ya mshindani wa mwisho aliyeshindwa, bei, na saa ambayo kila kitu kilifungwa. Kazi hiyo haimhitaji mtaalamu, ila anayeifanya asipewe nyingine yoyote kwa muda huo.

Dalili: vitu vya mnada wa kimya vinaondoka kwa nusu ya thamani yake

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na jibu lake huwa limekwisha kuandikwa kwa mikono ya wageni wenyewe. Chukua karatasi ya dau ya kitu chenye thamani ya 1,000, kilichoanzia 400, na ambacho kila ongezeko lilitakiwa kuwa 50. Mstari wa kwanza una mgeni namba 14 kwa 400, wa pili mgeni namba 31 kwa 450, kisha 14 kwa 500, 31 kwa 550, na 14 kwa 600. Baada ya hapo mistari ni mitupu. Anayeitazama kwa haraka husema kwamba kitu hicho kilistahili 600 tu. Aitazame tena: wapo watu wawili, wanapokezana bila kuruka hata mara moja, na hakuna anayepanda kwa zaidi ya kiwango cha chini kilichowekwa. Hao si watu waliofikia ukomo wao. Ni washindani waliokatizwa, ama kwa sababu meza ilifungwa, ama kwa sababu namba 31 alikwenda kuketi kwa ajili ya chakula na hakuona tena haja ya kuinuka.

Chanzo hapa ni hatua za dau zilizo fupi mno. Kutoka 400 hadi 1,000 kwa hatua za 50 ni safari kumi na mbili, na kila moja inamtaka mgeni aache mazungumzo yake, avuke ukumbi na kuinama juu ya karatasi. Kwa hatua za 100, yaani sehemu ya kumi ya thamani, safari hizo ni sita. Kanuni inayofaa kwa vitu vingi ni kuanzia kati ya asilimia 30 na 50 ya thamani ya soko na kupanda kwa takriban asilimia 10 ya thamani hiyo. Ni vyema pia viwango vyote vichapwe kwenye karatasi mapema, ili mgeni aandike namba yake tu mbele ya kiwango anachokikubali, kwani wengi hawapendi kupiga hesabu wakiwa wamesimama mbele za watu, na wengine huandika kiasi kisichofuata utaratibu na kuzua mabishano.

Karatasi yenye jina moja tu, kwa bei ya kuanzia, inasema jambo tofauti. Mtu mmoja alikitaka na wa pili hakupatikana. Kupandisha bei ya kuanzia mwaka ujao hakutamleta mtu wa pili. Kunaweza kumfukuza hata yule wa kwanza. Angalia kwanza kitu chenyewe kilikaa wapi. Ikiwa karatasi zote za pembe moja ya ukumbi zina jina moja au hazina kitu, tatizo ni pembe hiyo: iko gizani, iko nyuma ya nguzo, au njia yake imezibwa na watu waliopanga foleni ya vinywaji. Ikiwa karatasi hizo zimetawanyika ukumbi mzima, tatizo ni vitu, au wingi wake.

Wingi ni chanzo kinachopuuzwa kwa sababu kinafanana na mafanikio. Kamati inafurahia kupata vitu 150 na inaona aibu kumkatalia mhisani yeyote. Lakini wageni 200 ambao wengi wao wamekuja wawili wawili ni mifuko takriban 100 tu, kwa kuwa mume na mke hawashindani wenyewe kwa wenyewe. Vitu 150 mbele ya mifuko 100 maana yake ni kwamba kila mfuko unaweza kupata kitu bila kushindana na yeyote, na vitu vingine vikabaki. Kwa mnada wa kimya, kitu kimoja kwa kila wageni wawili ni kiwango cha juu, na kupungua chini ya hapo ni bora zaidi. Vitu vidogo vidogo viunganishwe kuwa kifurushi kimoja chenye maana, si kapu la mchanganyiko usio na mantiki: vifaa vya jikoni pamoja na somo la upishi vinamvutia mpishi, ilhali vifaa vya jikoni pamoja na mpira wa miguu vinamfanya kila mtu ahisi kwamba nusu ya fedha yake inanunua asichokihitaji.

Iko pia karatasi inayomfurahisha kila mtu na kwa hiyo haichunguzwi: ile iliyojaa hadi mstari wa mwisho katika nusu saa ya kwanza, yenye namba tano au sita tofauti na mirukio mikubwa. Kitu hicho kiliwekwa mahali pasipo pake. Kinachowaniwa na watu sita kimyakimya kingepaswa kupelekwa jukwaani, ambako sita hao wangeonana.

Muda wa kufunga nao unastahili uangalifu. Mnada wa kimya ufungwe kabla ya mnada wa jukwaani kuanza, ili aliyeshindwa mezani ajue kwamba fedha aliyokuwa ameitenga bado anayo na anaweza kuitumia jukwaani. Meza zifungwe kwa mafungu, moja baada ya nyingine, zikitanguliwa na tangazo la dakika kumi na jingine la dakika mbili, kwa kuwa dakika za mwisho ndizo zenye ushindani mkali, na meza zote zikifungwa kwa pamoja mgeni hawezi kusimama mbele ya vitu viwili kwa wakati mmoja. Panapotumika mfumo wa kupanda dau kwa simu, safari za kwenda mezani hupungua, kwa sababu simu humjulisha aliyepitwa pale pale alipoketi. Hata hivyo mfumo huo hauna faida ikiwa intaneti ya ukumbi inazidiwa watu mia mbili wanapojiunga kwa pamoja. Ijaribiwe ukumbi ukiwa na watu, na karatasi chache za akiba ziwe tayari.

Dalili: ukumbi umejaa, lakini wanaopanda dau ni wale wale wachache

Fungua orodha ya wageni waliofika na uweke alama kwa kila aliyepanda dau, awe alishinda au alishindwa. Kisha uitazame kwa meza. Mara nyingi utakuta meza nzima nzima zisizo na alama hata moja, na ukiuliza zilikuwa za nani utaambiwa ni za wadhamini. Kampuni ilinunua meza ya watu kumi, wakuu wake wakapata udhuru, na siku moja kabla ya hafla viti vikagawiwa kwa wafanyakazi waliokuwa na nafasi jioni hiyo. Hao ni wageni wa kuheshimiwa, nao hawakukosea kwa lolote. Walialikwa kula, hawakualikwa kununua, na wengi wao hawaijui asasi wala kazi yake. Hali ni hiyo hiyo kwa tiketi za bure zinazotolewa dakika za mwisho ili ukumbi usionekane mtupu. Ukumbi wenye watu 120 waliokuja kwa nia huleta zaidi ya wenye 250 waliokuja kujaza viti.

Dawa yake huanza miezi kabla. Kila meza ipewe mwenyeji, na mwenyeji aelezwe waziwazi kwamba anaalika watu watakaochangia, kwa sababu wenyeji wengi huona haya kulisema hilo na wageni wao hufika bila kujua. Wadhamini waombwe majina wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe, na wasipokuwa na watu wa kuleta waombwe kuzirudisha nafasi hizo kwa asasi.

Kuna kipimo ambacho ningependa kila kamati ikifuate hata kama itaacha mengine yote yaliyoandikwa hapa: kitu chochote kisikubaliwe kwa ajili ya jukwaa mpaka kamati itaje kwa majina wageni watatu watakaokuwamo ukumbini na ambao wana sababu ya kukitaka. Watatu, kwa kuwa mmoja anaweza kuugua na bado wakabaki wawili. Watu hao wapigiwe simu na kuelezwa kwamba kitu hicho kipo, wala si kosa kufanya hivyo. Kitu kisichopata majina matatu, hata kiwe cha thamani namna gani, kipelekwe kwenye mnada wa kimya au kikataliwe kwa shukrani. Mchoro mkubwa wa msanii mashuhuri ukiuzwa kwa robo ya thamani yake mbele ya watu wote humfedhehesha msanii, huupoza ukumbi, na huwafundisha wageni kwamba hapa kila kitu ni cha bei ya kutupa.

Jaribu linalojitokeza katika hali hiyo ni kuwaweka watu wa ndani wapandishe bei bila nia ya kununua. Lisifanywe. Ni udanganyifu dhidi ya watu wanaotoa kwa imani, katika nchi nyingi ni kosa kisheria, na jina la asasi likishachafuka kwa jambo hilo hakuna mnada utakaolisafisha.

Dalili: mnada wa jukwaani unaanza kwa kishindo kisha unapoa

Anza na masikio. Waulize watu walioketi meza za nyuma kama walikuwa wakisikia bei, na usiridhike na jibu la waliokaa mbele. Kosa la kawaida ni kuweka spika mbili kubwa pembeni mwa jukwaa na kuongeza sauti hadi mwisho: walioko mbele wanaumia masikio, walioko nyuma wanasikia mngurumo usio na maneno, na mtu asiyesikia huzungumza na jirani yake. Meza tatu zikianza kuzungumza, ya nne haisikii tena, hata kama ilitaka. Spika kadhaa ndogo zilizotawanywa pande za ukumbi hadi nyuma, kwa sauti ya wastani, hutibu tatizo hilo kuliko mpiga mnada yeyote mwenye mapafu makubwa.

Kisha macho. Taa zikizimwa ukumbini na jukwaa peke yake likamulikwa, mandhari hupendeza, lakini mpiga mnada hawaoni wanunuzi na wanunuzi hawaonani. Mwanga ukumbini uwe wa kutosha kuonana nyuso, na wasaidizi wawili au watatu wasimame kati ya meza wakionyesha kwa mkono na kwa sauti kila dau linapoinuliwa. Vibao vya namba viwe vikubwa na maandishi yake yasomeke kutoka jukwaani.

Ikiwa sauti na mwanga vilikuwa sawa, tazama saa zilizoandikwa na yule msaidizi wa kumbukumbu. Kitu kimoja huchukua takriban dakika tatu, hivyo vitu kumi ni nusu saa, na nusu saa ndiyo karibu yote ambayo ukumbi unaweza kuvumilia. Vitu ishirini ni saa nzima, na kumbukumbu zitaonyesha bei zikishuka baada ya kitu cha nane au cha kumi, bila kujali ubora wa vilivyofuata. Hutuba nazo huhesabiwa: mnada uliopangwa kuanza saa mbili na nusu ukasukumwa hadi saa nne kwa sababu ya salamu na tuzo utakuta ukumbi umeanza kupungua, na wa kwanza kuondoka huwa ndio wenye safari na shughuli za asubuhi, ambao mara nyingi ndio pia wenye uwezo.

Mpangilio wa vitu una athari pia. Kitu cha kwanza kiwe kizuri, cha bei ya kati na chenye wawaniaji wengi, ili ukumbi ujifunze kuinua vibao. Vitu vikubwa zaidi viwe kuanzia cha tatu au cha nne hadi katikati. Kuhifadhi kitu bora kwa ajili ya mwisho ni desturi iliyozoeleka inayogharimu, kwani walioshindwa kukipata hawabaki na kingine cha kuelekeza fedha zao. Huduma ya chakula isimame wakati mnada unaendelea. Hakuna dau linaloshinda kelele za sahani zinazokusanywa.

Mpiga mnada mwenyewe nimemweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiye anayelaumiwa wa kwanza. Yapo makosa yaliyo yake kweli. Mshereheshaji hodari, mwenye vichekesho na jina kubwa, si lazima ajue kuendesha mnada: husahau dau lililoko mezani, humtazama aliyeko mbele tu, na hufunga mapema kwa sababu ukimya wa sekunde tano unamtisha. Wapeni watu hao wawili kazi mbili tofauti.

Dalili: bei ni nzuri, lakini asasi inabaki na kidogo

Hapa mnada wenyewe hauna ugonjwa. Linganisha jumla ya makusanyo na ankara zote: ukumbi, chakula, mapambo, muziki, uchapishaji, mfumo wa dau na ada za malipo kwa kadi. Gharama hizo zilipaswa kufunikwa na udhamini na mauzo ya tiketi kabla ya mgeni wa kwanza kuingia, ili kila kinachopatikana mnadani kiende kwenye kazi ya asasi. Ikiwa mnada ndio uliolipia mapambo, punguza mapambo.

Chanzo cha pili hujificha zaidi. Zipo kampuni zinazotoa vifurushi vya safari au vitu vya ukumbusho vya wanamichezo kwa masharti kwamba kisipouzwa asasi haidaiwi kitu, na kikiuzwa kampuni huchukua bei yake kwanza. Maneno "bila hatari" huvutia sana. Lakini kifurushi ambacho kampuni inadai 800, kikiuzwa 900, kimeiachia asasi 100, na wakati huohuo kimefyonza 900 kutoka katika mifuko michache iliyokuwamo ukumbini, fedha ambazo zingeweza kwenda kwenye kitu kilichotolewa bure. Kitu cha namna hiyo kimoja au viwili vinaweza kuvumilika pale ambapo kuna mnunuzi anayejulikana. Vikizidi hapo, asasi imegeuka kuwa duka la mtu mwingine.

Dalili: watu wananunua kwa furaha, lakini hawachangii

Mwaka 2005 wanauchumi Jacob Goeree, Emiel Maasland, Sander Onderstal na John Turner walichapisha uchambuzi unaoonyesha kwamba mnada ambao mshindi pekee hulipa ni njia dhaifu ya kuchangisha fedha. Hoja yao ni rahisi kuielewa. Mtu anayeipenda asasi hufaidika kimoyo hata anapolipa mwingine, kwa hiyo anapompita mshindani wake anafuta mchango ambao mshindani huyo angetoa, na jambo hilo linampunguzia hamu ya kupanda. Njia ambazo kila mshiriki analipa, ashinde asishinde, hazina udhaifu huo.

Katika hafla, tafsiri ya hoja hiyo ni mwito wa kuchangia moja kwa moja: mpiga mnada hanadi kitu chochote, bali anataja kiwango, na kila anayeinua kibao analipa kiwango hicho. Mwito huu ukikosekana, mgeni asiyehitaji safari wala mchoro hana pa kuweka fedha yake. Ukiwapo lakini ukashindwa, sababu huwa mojawapo ya hizi. Huenda ulianzia chini ukapanda, na hivyo mwenye uwezo wa kutoa kingi akajihesabu amemaliza wajibu wake kwenye kiwango cha kwanza. Uanzie juu na kushuka. Au ngazi ya juu kabisa iliitwa bila mtu yeyote aliyeandaliwa, ukumbi ukakaa kimya, na kimya hicho kikawafunga mikono waliofuata. Hakikisha mapema kwamba mfadhili mmoja au wawili wamekubali kuinua vibao katika ngazi hiyo, na ikiwa hakuna aliyekubali, ngazi hiyo isitajwe. Au ombi lilikuwa la jumla mno. "Tusaidieni kuendeleza kazi yetu" haimwambii mtu fedha yake inafanya nini, lakini kiwango kilichoambatanishwa na gharama halisi, kama vile ada ya mwanafunzi mmoja kwa muhula au vifaa vya kliniki kwa mwezi, kinamwambia. Kabla ya mwito, mtu mmoja aliyenufaika na kazi ya asasi aseme kwa dakika tatu au nne, kwa hiari yake na kwa heshima yake kamili, kisha mwito uanze mara moja bila tangazo jingine kuingia katikati.

Mahali pake ni katikati ya mnada wa jukwaani au mara tu baada ya kitu kikubwa kuuzwa. Ukiwekwa mwisho kabisa, unawakuta waliobaki.

Dalili: foleni ndefu ya malipo na ahadi zisizolipwa

Foleni ya mwisho hutengenezwa mlangoni mwanzoni. Namba ya kibao itolewe sambamba na jina kamili, simu, na njia ya malipo iliyothibitishwa, ili kumaliza kuwe ni kuhakiki orodha na kusaini. Dau za jukwaani ziingizwe kwenye mfumo papo hapo, kila kitu kinapofungwa, na si kwa mkupuo baada ya muziki kuanza. Meza ya malipo itengane na meza ya kuchukulia vitu. Zikiwa moja, mtu mmoja anayetafutiwa fremu yake huwasimamisha wote walio nyuma yake. Kwa ahadi zilizobaki, tuma ankara siku inayofuata ya kazi, kwani kadiri siku zinavyopita ndivyo mgeni anavyozidi kuona kwamba alisukumwa na msisimko wa usiku.

Risiti itenganishe thamani ya soko na kiasi kilichozidi, kwa sababu nchi nyingi hukihesabu kile kilichozidi tu kuwa mchango wa hisani kwa madhumuni ya kodi. Mhasibu wa asasi athibitishe sheria inayohusika kabla ya risiti kuchapwa.

Dalili: mshindi anarudi baada ya miezi akilalamika

Chanzo ni maelezo yaliyoandikwa kwa kusifu bila masharti. Nyumba ya mapumziko haipatikani msimu wa likizo, vocha imekwisha muda, somo ni la mtu mmoja ilhali picha ilionyesha familia. Kila kitu kiwe na fomu iliyosainiwa na mtoaji inayotaja thamani, tarehe ya mwisho ya kutumia, siku zisizoruhusiwa, idadi ya watu na mtu wa kuwasiliana naye, na masharti hayo yasomeke kabla ya dau la kwanza. Mabishano kuhusu nani alishinda nayo huzuiwa kwa mstari mmoja uliochapwa kwenye kijitabu na kusomwa jukwaani: uamuzi wa mpiga mnada ni wa mwisho, na dau mbili zikigongana anaweza kuufungua mnada wa kitu hicho upya.

Dalili: mwaka wa pili waliopanda dau hawaonekani

Asasi humwandikia mshindi na mtoaji wa kitu, na inafanya vyema. Anayesahaulika ni yule aliyepanda dau hadi mwisho akashindwa, ingawa ndiye aliyeifikisha bei pale ilipofikia na kwa kitendo chake amekwisha kuonyesha ana kiasi gani cha kutoa. Wengine wanaweza kuhudumiwa usiku ule ule: mtoaji wa kitu, kama vile darasa au siku ya kukaa kwenye nyumba yake, aombwe mapema kama yuko tayari kukitoa mara mbili. Wawili wakishindana hadi mmoja akasimama kwenye 900 na mwingine kwenye 950, mpiga mnada akiwauzia wote wawili kwa 900 asasi inapata 1,800 badala ya 950. Ruhusa hiyo ipatikane kwa maandishi na mpiga mnada aijue kabla ya kupanda jukwaani, kwa kuwa mtoaji hawezi kuombwa mbele ya ukumbi bila kumweka mahali pagumu.

Wale ambao haikuwezekana kuwahudumia hivyo wapigiwe simu ndani ya wiki moja na mjumbe wa bodi, si na kijana wa ofisini anayesoma maneno kwenye karatasi. Simu iwe fupi: shukrani kwa ushiriki, taarifa ya jumla iliyopatikana na itakakoelekezwa, na swali moja kuhusu ni kitu gani angependa kukiona mwakani. Majibu yao yaandikwe kando ya namba zao kwenye orodha ya wageni, na orodha hiyo ndiyo kamati ya kutafuta vitu ianze nayo kazi.